Mwenye Kadi Hayupo

Sura ya Saba

Karatasi iliyotoka benki ilikuwa na sababu tano, na chini yake maneno mawili yaliyopigiwa mstari: ULAGHAI UMETHIBITISHWA. Sajini Desmond Krause aliisoma mara ya pili akiwa amesimama nje ya chumba cha mahojiano, katika kituo cha polisi cha Alice Springs, katikati ya jangwa la Australia, kisha akaingia nayo ndani.

Clifton Dawes alikuwa ameketi pale pale alipoketi jana. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mpole wa sauti, mwenye kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa kwa sharti kwamba asikutwe na kosa jingine. Walimkamata Ijumaa kwenye ofisi ya mizigo, akiulizia mzigo ulioagizwa mtandaoni kwa kadi isiyo yake.

"Leo ni siku ya tano, Clifton. Nakuuliza tena. Kadi hii ni ya nani?"

Clifton akatazama ukuta.

Krause akalisoma jina lililochapishwa kwenye kadi, la kwanza na la ukoo, polepole, kama anayemsomea mtu asiyesikia vizuri. Clifton akageuka na kiti chake mpaka akampa mgongo.

"Ni mama yako mdogo. Siyo?"

"Ni mama yangu."

"Rekodi zetu zinasema mama yako ni dada yake."

"Rekodi zenu zinampa kila mtu mama mmoja tu," Clifton akauambia ukuta. "Poleni."

"Uliitumia kadi yake?"

"Tuliitumia."

"Nani na nani? Yeye mwenyewe alikuwepo?"

"Muulize."

"Benki ilimpigia simu, kwa namba yake mwenyewe. Aliyepokea alisema mwenye kadi hayupo."

Bega la Clifton lilitikisika kidogo. Krause hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kitu kingine. "Kama alisema hivyo, ndivyo alivyosema."

Krause alipomrudishia lile jina kwa mara ya tatu, Clifton aliziba masikio kwa viganja, na konstebo mlangoni akaandika kwenye daftari kwamba mtuhumiwa anafanya kiburi.

Ukumbini alikuwa akisubiriwa na mwendesha mashtaka, Bi Fiona Strickland, mwanamke mwenye haraka ya kudumu.

"Amekiri?"

"Amesema wameitumia. Hakusema kaiba."

"Alhamisi saa nne asubuhi nampeleka mbele ya hakimu, na ile miezi tisa inaamka."

"Fiona, ameagiza mashati meupe ishirini na manne, suruali na sketi nyeusi, na mashada sitini ya maua ya plastiki. Mwizi gani huyo?"

"Mwizi anayejua soko. Huko jangwani hawamalizi wiki bila mazishi." Alikwisha kuanza kuondoka. "Ukiwa na karatasi ya benki inayosema tofauti, niletee. Hadithi sihitaji, ninazo za kutosha."

Krause akampigia mtu aliyesaini ile karatasi. Alikuwa Bi Heather Lindqvist wa kitengo cha ulaghai, Melbourne, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayependa kazi yake.

"Nieleze kama unamweleza mjinga," Krause akasema. "Mashine yenu iliona nini?"

"Mashine haimjui mtu, Sajini. Inajua mazoea. Kadi hii kwa miaka sita imenunua vitu katika duka moja tu, la kijiji cha Kalpitja. Unga, majani ya chai, nyama, sabuni. Haijawahi kununua mtandaoni hata mara moja. Halafu Jumatano iliyopita, mchana, inaagiza nguo na maua Adelaide, kwa kiasi kinachozidi matumizi yake ya miezi mitatu. Simu iliyotumika hatujawahi kuiona. Na mtandao wenyewe unaonyesha mnunuzi yupo Perth, pwani ya magharibi."

"Perth ni mbali na Kalpitja kama Mbinguni."

"Ndiyo sababu ya tatu. Ya nne, alijaribu mara nne ndani ya dakika nane. Wezi hujaribu hivyo, wanapapasa mlango. Ya tano, jina la mpokeaji wa mzigo silo jina la kadi. Kila kimoja peke yake tungekiachia. Vikija pamoja vinapewa alama. Hii ilipata tisini na mbili kati ya mia, na sisi tunazuia kuanzia themanini."

"Na watu wasio wezi huwa wanapata ngapi?"

"Wengi wa tunaowazuia si wezi," alisema bila kujificha. "Mtu akisafiri, akinunua zawadi kubwa, akibadilisha simu, anazuiwa. Mwizi mmoja aliyepita anatugharimu sisi. Mteja mwema aliyezuiwa anajigharimu mwenyewe, na kwa kawaida anapiga simu, anafunguliwa. Ndiyo maana tunawapigia. Huyu tulimpigia. Sikiliza."

Rekodi ilikuwa ya sekunde arobaini. Kijana wa benki alisalimu vizuri, akalitaja jina la kadi, akauliza kama anaongea naye. Mwanamke akajibu kwa sauti ya chini: hayupo. Kijana akalitaja tena. Hayupo, usimwite. Basi naongea na nani? Sauti ikataja jina jingine ambalo upepo ulilimeza. Kijana akashukuru, akakata.

"Hapo ndipo tuhuma ilipokuwa uthibitisho," Bi Lindqvist akasema.

Krause alikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa na sura ya Barry Noonan. Mwenye duka huyo wa Kalpitja aliwahi kukutwa, miaka kumi na mitatu nyuma, na droo nzima ya kadi za wateja pamoja na namba zao za siri. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kumtuma Clifton mtandaoni na kumpa mwanamke mwingine simu aipokee. Krause alitaka kumuuliza Selwyn, askari msaidizi aliyezaliwa Kalpitja, lakini Selwyn alikuwa na ruhusa ya wiki mbili, na ubao wa zamu uliandikwa neno moja mbele ya jina lake: msiba. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Krause naye hakuuliza. Akajaza mafuta, akaingia barabara ya kusini-magharibi, na baada ya mwendo wa saa nne alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya Noonan, vumbi jekundu likiwa mpaka kwenye nyusi.

Noonan aliivuta droo mpaka mwisho kabla hajaulizwa. Ndani mlikuwa na betri, kamba za viatu na kibandiko cha ukaguzi wa serikali.

"Wakaguzi wanakuja kila baada ya miezi mitatu, Des. Wewe ndiye wa kwanza kuja katikati. Nijisikie vipi, nimependwa?"

"Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kamera hiyo hapo, tazama mpaka uchoke." Kamera ilimwonyesha Noonan akiwa kaunta tangu saa mbili hadi jioni, akipiga miayo. "Mnasema kadi ya yule mama? Jumamosi alikuja kuchukua unga na chai ya watu wa msiba. Kadi ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Foleni nzima inatazama. Akaacha kitoroli pale ulipo wewe, akaondoka bila neno."

"Alikuwa na nani siku ya kuagiza?"

"Mimi sijui kuagiza. Mtandao uko kwenye nyumba ya wachoraji. Yule mama anachora, wiki mbili nyuma aliuza picha kubwa, alikuwa na hela." Noonan akaelekeza kidole dirishani, kwenye dishi lililopachikwa juu ya paa la bati. "Ukitumia hilo, linarusha kila kitu angani na kukishusha Perth. Mimi nikitafuta hali ya hewa naambiwa nibebe mwavuli, bahari imechafuka."

Krause akalitazama lile dishi kwa muda. "Na upepo ukivuma?"

"Linakata. Unaanza upya. Jumatano ilivuma kutwa."

Sababu mbili kati ya tano zilikuwa zimekufa juu ya kaunta ya duka, na mshukiwa wake pamoja nazo.

Nyumba za upande wa mashariki zilikuwa tupu, milango wazi. Watu walikuwa wamehamia kambi ya msiba, nusu kilomita zaidi, kwenye mahema na blanketi. Krause alisimamisha gari mbali, akazima injini, akabaki ndani. Dakika ishirini zilipita kabla mtu mmoja hajainuka na kuja. Alikuwa Selwyn, miguu mitupu, amejipaka udongo mweupe wa msiba kwenye paji la uso.

"Mkuu. Umetupotezea wapi mtu wetu?"

"Clifton ni mzima. Pole na msiba, Selwyn. Nina swali moja." Krause akatoa nakala ya kadi. "Namtafuta mama huyu. Mama..."

Kiganja cha Selwyn kilimfunika mdomo kabla jina halijatoka. Katika miaka kumi na tisa ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kumgusa.

"Usilitaje," Selwyn akasema, akauondoa mkono taratibu. "Kambi yote hapa, na mama wa marehemu yuko pale. Usilitaje."

Krause alishusha nakala chini. Jangwani kote, mtu akifa, jina lake huwekwa chini pamoja naye, na walio hai wenye jina hilo hulivua kwa mwaka au zaidi. Hilo alilijua tangu mwaka wake wa kwanza.

"Marehemu alikuwa somo wake."

"Binti wa kaka yake. Miaka ishirini na sita, figo. Alipewa jina la shangazi siku ya kuzaliwa. Amefia mjini kwako, Jumatatu ya wiki iliyopita, mtaa wa pili kutoka kituoni."

"Na shangazi sasa anaitwa nani?"

"Kunmanara. Kila aliyepoteza jina hapa anaitwa Kunmanara mpaka turuhusiwe tena." Selwyn akaikunja nakala mara mbili, jina likaingia ndani. "Ulimsomea Clifton hili?"

"Mara tatu."

Selwyn akaitia nakala mfukoni. Akaenda kumwita yule mama.

Alikuja akitembea polepole, mwanamke wa miaka sitini na kitu, rangi ya njano bado imo kwenye kucha. Alikaa chini kwenye kivuli cha gari na Krause akakaa chini pia.

"Mwanangu anakula nini huko?"

"Mkate na nyama ya kopo, mama."

"Kopo. Basi mmemwonea mara mbili." Akamtazama. "Nguo zetu ziko wapi? Jumamosi tunazika. Tumwendee mtoto na fulana za mpira?"

"Nani aliagiza?"

"Mimi. Simu yangu ni ya vitufe, haina picha. Clifton alishika simu yake, mimi nikaonyesha kwa kidole. Shati hili, ua hili, hilo baya liache. Upepo ukakata, tukarudia. Ukakata, tukarudia. Wakauliza mzigo aupokee nani, nikasema andika Kunmanara. Ndiye mimi. Ulitaka niandike nani?"

"Na benki ilipopiga?"

"Alikuwa kijana, ana adabu. Akaniita jina lile. Nikamwambia hayupo. Akaliita tena, jamani, na wifi yangu amekaa hapa, mama wa mtoto. Nikamwambia usimwite. Akauliza wewe nani, nikamwambia Kunmanara. Akasema asante sana, akakata." Akapangusa vumbi kwenye sketi. "Nikafikiri, huyu kaelewa. Hakuniuliza zaidi."

Krause aliandika yote, akamsomea, akatia saini chini ya alama yake. Ushahidi ulikuwa kamili. Simu ngeni ilikuwa ya mwanawe, Perth ilikuwa dishi, majaribio manne yalikuwa upepo, ununuzi mkubwa ulikuwa mazishi, jina geni lilikuwa jina pekee alilobaki nalo. Alimpigia Bi Lindqvist kwa spika na kumweleza hatua kwa hatua.

"Nakuamini, Sajini. Kweli nakuamini. Nasikitika sana."

"Basi niandikie mstari mmoja kwamba mmefuta tuhuma. Alhamisi saa nne kuna mtu anakwenda jela."

"Siwezi kuifuta mimi. Mfumo unaifuta mteja akijithibitisha. Afike tawini na kitambulisho, uchunguzi unapitiwa kwa siku sita za kazi. Au kwa simu sasa hivi, kwa sauti yake. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba nne za mwisho za kadi."

"Jina ndilo hawezi. Nimekueleza."

"Umeeleza vizuri. Tuna mafunzo ya mila na desturi kila mwaka."

"Mnafunzwa nini?"

"Kumwita mteja kwa jina lake angalau mara tatu katika mazungumzo. Ajisikie anatambulika."

"Nilitaje mimi, yeye akubali."

"Haiwezekani."

"Aliandike. Akutumie ujumbe kwa namba yake, na kitambulisho mbele ya polisi wawili."

"Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote, Sajini. Hivyo ndivyo wanavyotuibia."

"Na polisi wawili?"

"Fomu haina sehemu ya polisi."

Mwanamke alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama. "Nisipolitaja," aliuliza, "mwanangu anakaa miezi tisa?"

"Nitampa mwendesha mashtaka maelezo yako, mama. Nitampigania."

"Sikukuuliza kama utapigana."

"Miezi tisa," Krause akasema.

"Na huyu dada anaweza kungoja?"

"Naweza, mama," spika ikasema kwa upole. "Nipigieni mkiwa tayari."

Alimgeukia Selwyn. "Wewe baki. Masikio yako ni ya huku." Akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, na akaelekeza kwa kidevu.

Walikwenda mpaka mwisho wa kiwanja cha ndege, kilomita tatu, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila soksi ya kitambaa ya kuonyesha upepo na ndoo za rangi nyeupe zilizopangwa kando ya njia. Upepo ulikuwa ukitoka kambini kuja kwao, na mama huyo aliuhakikisha kwa kurusha vumbi hewani mara mbili. Hakushuka. Alimwambia Krause aiache injini iungurume.

Simu ikaita mara moja.

"Asante kwa kurudi. Mazungumzo haya yanarekodiwa na kuhifadhiwa kwa miaka saba. Mama, naomba jina lako kamili."

Alilitaja. Krause, aliyeketi sentimita chache kutoka kwake, aliona midomo tu.

"Samahani, mama, kuna mngurumo. Mfumo haukulipokea. Naomba urudie kwa sauti zaidi."

Krause alizima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Mwanamke akashika ukingo wa dashibodi kwa mikono miwili, akalitaja tena, lote, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja, kisha tarehe, kisha namba nne ambazo Krause alikuwa amemwandikia kwenye kiganja.

"Vizuri kabisa," Bi Lindqvist akasema, na akamwita kwa jina. Alimwambia kadi imefunguliwa. Akamwita kwa jina akimwahidi kwamba barua itafika polisi kabla ya saa kumi na moja. Akamwita kwa jina akimuuliza kama kuna jambo jingine la kumsaidia leo.

Krause akakata simu.

Mama huyo alikaa na mikono yake pale pale.

"Nguo zitafika?" aliuliza hatimaye.

"Nitazileta mwenyewe, mama. Ijumaa."

"Kwa wifi yangu nitakwenda leo. Nitamwambia nilichofanya, na atanifanya anachotakiwa kunifanya. Hilo ni letu." Akageuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Clifton usimwambie. Akijua nimelitaja kwa ajili yake, hatabeba jeneza. Hataingia hata kambini. Mwambie benki ilielewa yenyewe."

Barua ilifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Bi Strickland aliisoma akiwa amesimama, akaigonga muhuri, akasema angalau Alhamisi yake imepungua kesi moja. Maelezo ya kurasa sita aliyoyaandika Krause hakuyafungua.

Jumatano saa tatu asubuhi Clifton Dawes aliletwa kaunta. Alihesabu vitu vyake: mkanda, funguo, simu yenye kioo kilichopasuka. Alisaini mahali alipoonyeshwa. Kisha akabaki pale, kalamu mkononi.

"Nani aliwaeleza?"

"Walisikiliza tena rekodi," Krause akasema. "Wakaelewa wenyewe."

"Benki?"

"Benki."

Clifton akalipima jibu hilo, kichwa kimeinama upande. Halafu akairudisha kalamu juu ya kaunta kwa uangalifu, kama kitu cha mtu aliyemtendea wema.

"Mimi niliwadhania vibaya wale watu," akasema. "Kumbe wana heshima."